Walinijadili Sebuleni Kwangu

Kamwene, ndugu zangu. Nimetoka Yakobi hadi kwenye mkutano huu wa hapa Makambako, na mimi safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi jikoni. Nitasema kwa kifupi, nimechoka.

Wengi mnajua nina ugonjwa wa akili. Huja, huondoka. Uliponishika vibaya nililazwa, nikatibiwa, nikarudi nyumbani kwangu nikiwa sawa. Ila watu hawakuamini. Nikicheka, "Dawa zimeisha?" Nikinyamaza, "Ameanza." Nikishinda ndani, ndiyo kabisa, wakati kushinda ndani nimezaliwa nako.

Basi kaka yangu akaitisha kikao cha ukoo. Siwezi kujitunza, akasema, nyumba ipangishwe, nihamie chumba chake cha uani. Ndugu zangu, nawaambia, kikao kilikaa sebuleni kwangu, na chai na viazi niliwapikia mimi. Wakala, wakaongeza, wakaamua. Nilikuwa jikoni nasikia yote. Hata hasira sikuwa nayo. Nikaanza kukunja nguo.

Shangazi akaingia kutafuta chumvi.

"Unaenda wapi?"

"Si mmeamua."

"Wameamua wao. Wewe unatakaje?"

Nikaikunja nguo ileile mara ya pili. Tangu niugue, hakuna aliyeniuliza hivyo. Akavuta kigoda, akakaa. "Jibu taratibu, ila mimi mzee, usinifishe hapa."

Nikamwambia nataka kukaa kwangu. Na dalili zangu nazijua: nikikosa usingizi mfululizo, aje yeye, anipeleke hospitali niliyoizoea, ufunguo abaki nao.

Akanipeleka sebuleni nikarudia yote.

"Huo ni ugonjwa unaongea," kaka akasema.

"Basi ongea wewe mzima," shangazi akamjibu, "utuambie nyumba ni ya nani."

Kaka hakukubali. Tukaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Huyo naye aliniuliza mimi kwanza, kisha akamweleza kaka kwamba kuugua hakumwondolei mtu haki ya kuamua makazi yake.

Nimeugua tena baada ya hapo, sifichi. Shangazi alikuja kama tulivyopatana. Nikapona, nikarudi kwangu.

Namshukuru shangazi na huyo msaidizi. Na kaka pia, maana aliniogopea, ingawa kuogopewa nako kunachosha. Mwenye ugonjwa kama wangu muulizeni, halafu msubiri jibu, hata likichelewa.

Sasa nakaa. Mama uliyeketi hapo mbele, usiinuke kunishika. Nimechoka tu, kama mnavyochoka ninyi.