Sista Aliyekataa Kusalimia

Wasikilizaji wapendwa, leo sitawaamkia. Msinune. Mnanijua, kila Jumapili huwa nawasalimu mpaka mtayarishaji wa kipindi ananionyesha saa. Leo hapana. Ninayemkumbuka leo angenisikia nawasalimu, angezima redio.

Ninamkumbuka muuguzi mmoja. Wodini tulimwita Bi Futi, kwa sababu ya ile futi ya fundi cherehani iliyokuwa shingoni mwake siku zote. Alipimia magoti yaliyovimba. Bi Futi alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sitini na moja. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne. Minne kati ya hiyo aliitoa kwa kazi moja tu: kujaribu dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu kwa watu waliopasuliwa goti ili kuungwa kano, ile kamba inayoshika mifupa isichezecheze.

Niseme mapema, mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa beki, nikageuka vibaya, kano ikakatika. Kwenye makaratasi yao niliitwa goti namba kumi na saba.

Mambo yalikuwa hivi. Wote tulipata dawa za kawaida za maumivu. Juu ya hizo, nusu yetu tulipewa dawa mpya, na nusu vidonge vya unga vinavyofanana nayo. Hakuna aliyejua nani anameza nini, hata Bi Futi mwenyewe. Kila asubuhi alipima goti kwa futi yake, kisha akauliza maumivu, sifuri mpaka kumi. Sifuri, huumwi. Kumi, hata kuongea huwezi.

Sasa sikilizeni kosa. Bi Futi aliingia kama mtu mwenye malezi.

"Hujambo, baba? Umeamkaje? Nyumbani wazima?"

"Sijambo, sista. Wazima, tunashukuru."

"Haya, maumivu ngapi?"

Jamani! Umeshasema hujambo, utatoa wapi uso wa kusema nane? Nikasema mbili. Wote tulisema mbili. Jirani yangu, dereva wa lori, alisema moja na nusu huku anatafuna shuka.

Siku moja alisahau kalamu kitandani kwangu. Akarudi ghafla, akanikuta nimezika uso kwenye mto, nalia kwa kwikwi, mwanaume mzima na ndevu zangu.

"Si umeniambia mbili sasa hivi?"

Nikamjibu, "Sista, ulinisalimia vizuri mno."

Aliichukua kalamu yake. Hakucheka.

Kufikia hapo magoti ishirini na mawili yalikuwa yameshaandikwa. Hesabu zikafanywa, na makundi mawili yakaonekana sawasawa. Daktari mkuu wa utafiti akasema dawa haina kitu, tufunge, tia sahihi. Bi Futi akaiweka kalamu mezani. Binti yake, ambaye ni fundi umeme, anayakumbuka maneno yake: "Mama alimwambia, 'Dokta, dawa hatujaijaribu. Tumejaribu adabu za watu. Na aliyeharibu ni mimi, kwa mdomo wangu huu.'"

Hakutia sahihi. Akapelekwa stoo kupanga bandeji. Wenzake wakamnong'oneza, "Dada, mwenye nguvu mpishe." Akasema, "Nikimpisha, wenye magoti watapita wapi?" Kila asubuhi aliiandikia barua kamati ya maadili ya hospitali. Barua ile ile, maneno yale yale. Ya kumi ikawaleta.

Siku hiyo mimi nilikuwa kliniki, nimekuja kutolewa nyuzi. Bi Futi akawasimamisha wanakamati mbele yangu. Akanisalimia, akaniuliza namba. Nikasema mbili. Akatoka nje, akafunga mlango. Akaingia tena, bila hodi, bila hujambo.

"Inua mguu. Namba!"

"Saba, sista! Saba!"

Kamati ikafuta magoti yote ishirini na mawili. Bi Futi akarudishwa wodini, kazi ikaanza upya kwa wagonjwa wapya.

Tangu hapo Bi Futi hakusalimia mgonjwa hata mmoja kabla ya kuuliza namba. Mnaelewa maana yake, wasikilizaji wapendwa? Kuingia asubuhi kwa watu wazima, wengine sawa na baba yako, bila hata shikamoo? Malalamiko yalijaa sanduku la maoni. Mmoja aliandika kwamba wodi imepewa mtu asiyefunzwa na mamaye. Mumewe, fundi saa, ananiambia: "Nyumbani alisalimia mpaka paka. Kule kazini ilimuuma sana. Alikuwa akisema, 'Mume wangu, acha waniite sina adabu, ili mradi wakubali kusema wanaumwa.'"

Na dawa? Ilifanya kazi kwa siku tano. Siku tano za mwanzo maumivu yalipungua, na watu wakalala. Baada ya hapo, hakuna tofauti. Daktari mkuu akauliza, kelele zote zile kwa siku tano? Bi Futi akamwambia, "Dokta, kapasuliwe goti, kisha uzihesabu." Mimi bahasha iliyoficha nilichokuwa nameza ilipofunguliwa, nikaambiwa nilikuwa nakula unga mtupu.

Mwaka huu saratani ikaingia kwenye mifupa yake. Binti yake anasimulia kwamba daktari kijana aliingia chumbani, akasema, "Hujambo, mama? Unaendeleaje?" Bi Futi akamkatiza: "Umeanza vibaya. Toka, uingie tena." Kijana akatoka. Akaingia tena. "Namba, mama?" "Tisa." Wakamwongezea dawa siku hiyo hiyo. Alhamisi asubuhi akaulizwa tena. Akasema, "Mbili. Na hii ni mbili ya kweli." Adhuhuri akatutoka.

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa wauguzi wenzake wote, poleni sana. Kipindi hiki kinalia pamoja nanyi, na hakioni haya.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwenu yupo mtu anayesema hajambo. Labda ni mama. Labda ni wewe. Mwulize tena leo, bila salamu, na ungoje jibu.

Mimi nilimdanganya Bi Futi asubuhi nyingi, sitamdanganya tena. Hapa ni goti namba kumi na saba. Leo ni tisa, sista. Tisa.