Mbio Nilizomaliza kwa Boda

Bwana asifiwe. Asifiwe tena, na hasa asifiwe na nyinyi mlioniona nimesimama hapa hapa mbele mwaka jana nikishuhudia juu ya mbio. Mnakumbuka. Akina mama walicheza hadi kwa madhabahu, pasta akaniwekea mkono kichwani, na mzee mmoja akasema hajawahi kusikia ushuhuda kama huo. Leo nimekuja na ushuhuda mwingine wa mbio, na huu ndio wa ukweli. Ule wa kwanza ulikuwa uongo.

Naona mmenyamaza. Nyamazeni tu hivyo hivyo, nisije nikaogopa nikakaa chini kabla sijafika mwisho, maana hiyo ndiyo imekuwa shida yangu maisha yote.

Kwa wageni, mimi ni Baba Wambui, fundi wa stima hapa mtaa wa Landless, Thika, na nina miaka hamsini na mbili. Ndugu zangu, nilifungwa na roho ya kuachia mambo njiani. Wengine wenu mna ushahidi huko kwenu ukutani. Nimewaachia swichi bila vifuniko na nyaya zikining'inia sebuleni, nikisema nakuja kesho, na hiyo kesho ikawa miezi. Ile ploti yetu ya Ruiru, nyumba ilifika kwa linta, pale juu ya madirisha, ikasimama, na mbuzi wa majirani wakaingia wakahamia kabisa. Nilianza kufuga kuku nikaacha. Nilianza masomo ya cheti kule Juja, nikafika katikati nikasema walimu hawajui kufundisha. Na Mama Wambui, mke wangu, si mtu wa kelele. Akiniona nimeanza kitu kipya, alikuwa anasema tu, "Haya, Baba Wambui." Hiyo "haya" yake iliniuma kuliko matusi.

Basi mwaka jana wakatangaza nusu marathoni, kutoka Thika hadi Ruiru, kilomita ishirini na moja, kwa ile barabara ndogo ya kando ya Thika Road. Nikaenda nikajiandikisha. Nilikuwa nimechoka na hiyo "haya" yake. Nikasema moyoni, hii nitamaliza, hata kama nitabebwa. Sikujua ninachosema.

Mazoezi nilifanya siku nne. Siku ya tano mvua ikanyesha, nikapumzika, na nikaendelea kupumzika hadi siku ya mbio.

Siku hiyo nilitoka Thika nikiwa nimechanganyika na vijana, nikatimka kama mtu amemwagiwa maji moto. Kufika Witeithie, nilikuwa natembea. Kufika Juja, goti lilikuwa linalia na ubavu umenikaza, na nyuma yangu hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa ambulensi, inanifuata polepole, dereva ananiangalia. Nikaipungia mkono ipite. Ikapita. Nikabaki peke yangu karibu na steji ya boda, na jamaa mmoja hapo, anaitwa Kimani ingawa siku hiyo sikumjua, akaniambia kwa roho safi kabisa, "Mzee, panda. Unaumia bure."

Ndugu zangu, nilipanda. Nilitoa ile namba kifuani nikaikunja nikaitia mfukoni, na Kimani akapita njia za ndani hadi Ruiru, akanishukisha nyuma ya maduka karibu na uwanja ambapo mbio zinaishia. Nikanunua maji ya chupa nikajimwagia kichwani na kifuani ndio nionekane nimetoka jasho. Halafu nikaingia kwa kibanda kimoja nikaagiza chai na mandazi, ningoje wenzangu wapite, nitokee nikiwa kati ya wale wa mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yangu. Kwa uongo mimi nilikuwa mtu mwenye mipango.

Lakini hata kungoja sikumaliza. Chai ilikuwa nusu kikombe nikasikia watu wanashangilia, nikadhani muda umeenda sana, nikabandika namba nikatoka mbio. Kumbe waliokuwa wanashangiliwa ni vijana wa mazoezi ya kila siku, wale wakavu wa miguu mirefu. Nikaingia uwanjani katikati yao na tumbo langu. Mtangazaji aliponiona alishika kipaza sauti kwa mikono miwili akaanza kupiga kelele, "Mzee! Mzee! Muoneni mzee!" Nikavalishwa medali. Watu ambao siwajui wakanikumbatia.

Na Mama Wambui alikuwa hapo. Alikuwa ametangulia na dada yake, wamebeba uji kwenye jagi. Akanishika uso hivi, kwa mikono yote miwili, akalia. Akasema, "Umemaliza." Tumeoana miaka ishirini na sita na sikuwa nimewahi kuona macho yake yakiniangalia namna hiyo. Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa, nikasikia nikisema, "Ni Mungu."

Mimi nilimsingizia Mungu, ndugu zangu. Nilichukua dhambi yangu nikaiandikia jina lake. Na Jumapili iliyofuata nikasimama hapa, na mengine mnayajua.

Sasa uongo ukishazaa hauachi kuzaa. Mkasema kanisa lazima liwe na kundi la mbio, na mwalimu awe nani kama si Baba Wambui? Watu kumi na mmoja mkajiandikisha, na wa kwanza alikuwa mke wangu. Mama Wambui, ambaye hata kanisani alikuwa anakuja polepole kwa sababu ya miguu, akanunua raba akaanza kuamka kabla ya jogoo. Mimi nilikuwa nasimama kando na filimbi. Nilikuwa nawaambia mwalimu anakimbia kwa macho.

Na mlikuwa mnaniuliza maswali! "Mwalimu, baada ya Juja kukoje?" Hapo ndipo nilikuwa natokwa na jasho la kweli, kwa sababu baada ya Juja mimi nilipitia njia za ndani nimeshika bega la mtu. Basi nikawatungia kilima. Nikasema kuna kilima pale Toll, kabla ya kufika Ruiru, kibaya sana, kimevunja watu wengi. Mmoja wenu akasema yeye hupita Toll kila siku kwa gari na hajawahi kuona kilima. Nikamjibu, "Kwa gari hutakiona. Kinajulikana na miguu." Mkatingisha vichwa. Mkakiombea hicho kilima kwa maombi ya Jumatano, na mimi nikasema amina.

Mama Wambui ndiye alikiogopa zaidi. Alikuwa ananiuliza jikoni, "Nitakiweza kweli?" Namwambia utakiweza. Mwaka mzima mke wangu aliogopa kitu ambacho hakiko, na mimi nilikuwa namuona akiogopa na nanyamaza. Nikilala sipati usingizi. Nikiomba, maneno yanarudi mdomoni. Niliona nikisema ukweli, ataanza tena kuniangalia vile alivyokuwa ananiangalia zamani, na hiyo singeiweza.

Mbio za mwaka huu zikafika. Ni wiki mbili tu zilizopita. Wenzenu walitangulia mbele, wanakimbia vizuri sana, na mke wangu akabaki na mimi. Alisema anataka kukipanda kile kilima akiwa na mwalimu. Tukaenda mdogo mdogo, Witeithie tukaipita, na mimi naomba tu tupite Juja salama, maana nilijua nani anakaa pale.

Na kweli alikuwa pale. Kimani aliniona kutoka mbali akafurahi kama ameona mjomba. "Mzee wangu! Leo tena? Na leo mko wawili, mtatoshea?"

Mama Wambui akapunguza mwendo. "Anasema nini huyu?"

Ndugu zangu, uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Ningesema amenifananisha na mtu. Ni maneno mawili tu, na tungeendelea na safari. Lakini siku hiyo kuna mkono ulinishika ulimi. Nikasikia nikisema, "Anasema ukweli. Mwaka jana alinibeba kutoka hapa hadi Ruiru. Sikumaliza."

Akasimama kabisa. Watu wanatupita. Kisha akaniuliza kitu kimoja: "Na kilima?"

Nikasema, "Sijui. Hiyo barabara sijawahi kuikimbia."

Hakunitukana. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani akaondoka, akakimbia, hakugeuka nyuma. Na mimi nikakaa chini kando ya barabara, mwanaume mzima, nikalia mbele ya watu wa steji.

Kimani alinihurumia. Akasukuma pikipiki akaja karibu, akasema, "Pole mzee, sikujua. Panda haraka nikufikishe kwa mama umuombe msamaha." Mnaona shetani alivyo na akili? Mwaka jana aliniambia nipande ili nidanganye. Mwaka huu ananiambia nipande ili nitubu! Na nikainuka nikaweka mguu. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu, nimeshika bega la Kimani. Ndipo nikajiuliza, nikishukishwa na boda mbele ya huyo mama, nitafungua mdomo niseme nini?

Nikashusha mguu. Nikasema kwa sauti, watu wote wa steji wakisikia, "Bwana, mimi sijawahi kumaliza kitu. Leo nimalizie wewe." Halafu nikaanza kutembea.

Wacha niwaambie kilichotokea. Goti liliuma vile vile. Ubavu ulikaza vile vile. Lakini ule mzigo wa kifua, ule niliokuwa nimebeba mwaka mzima, haukuwepo. Nilitembea, nikakimbia kidogo, nikatembea tena, na nikaanza kucheka peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Watu walikuwa wananipisha. Kila nguzo ya stima niliyoipita nilisema asante, nyingine asante, na mnajua nguzo ni nyingi kiasi gani huko. Sikuwa najua kama mke wangu atanirudia. Nilijua tu kwamba kwa mara ya kwanza niko mahali ambapo nimesema niko.

Kufika Toll, nikamuona. Amesimama kando, mikono kiunoni, anaangalia barabara upande niliotoka mimi. Nikamkaribia nikiogopa. Akaniambia, "Nimekuwa nikiangalia kila boda inayopita. Ungeshuka kwa moja, mimi na wewe hatungekuwa na neno tena."

Nikamwambia, "Nimekuja kwa miguu."

"Nimeona," akasema. Akageuka tukaanza kwenda pamoja. Na barabara ya Toll, ndugu zangu, ni tambarare kama meza. Alikuwa anaangalia mbele, anaangalia pande zote, mwishowe akasema, "Mwaka mzima, Baba Wambui. Mwaka mzima nimeogopa hapa." Niliomba msamaha, na yeye akaendelea kukimbia, na mimi nikamfuata.

Tulifika Ruiru tukiwa wa mwisho kabisa. Mahema yalikuwa yanakunjwa. Mtangazaji ameshaenda, medali zimeshaenda, ule mstari wa chokaa wa kumalizia umefutwa na miguu ya watu. Kulikuwa na mama mmoja tu anaokota chupa, akatuuliza, "Kwani bado mlikuwa mnakimbia?" Tukasema ndiyo. Akaweka gunia chini akatupigia makofi, yeye peke yake. Haleluya! Nilimaliza, ndugu zangu. Kilomita ishirini na moja, kwa miguu yangu hii!

Hapo uwanjani mke wangu akaniambia, "Mimi nilikusifu kwa dada yangu. Nilimwambia mama yangu. Nilijipiga kifua mbele ya kanisa lote. Hao watu utawaambia wewe, si mimi. Na hadi uwaambie, kanisani sitakaa na wewe." Nyumbani ananipikia, tunasalimiana vizuri, lakini Jumapili iliyopita nyinyi wenyewe mliona alikaa upande ule mwingine. Mlidhani ni mambo ya kwaya.

Kwa hivyo nawaomba msamaha. Kwa kundi la mbio, nawaomba mara mbili, na filimbi nimemrudishia pasta, mtafute mwalimu ambaye amekimbia. Wiki hii nimerudi nyumba tatu kumalizia swichi. Wengine mnivumilie, nakuja, na mkiona nimechelewa mje mnishike mkono mnilete. Nyumba ya Ruiru bado iko kwa linta, siwezi kuwadanganya. Lakini mbuzi nimewatoa.

Na wewe uliyekaa hapo na kitu umekificha, unaona kikijulikana utakufa, nataka ukae na mimi hata baada ya ibada tuongee. Mimi nilifikiri nitakufa pale Juja. Sikufa. Mungu niliyemsingizia hakunitupa, alinitembeza kilomita kumi nikilia na kucheka. Mwamini. Yeye hakuulizi ulikuwa wa ngapi. Sema ukweli leo, hata kama ni kwa mtu mmoja, halafu yeye atajua namna ya kukufikisha.

Msinipigie makofi tafadhali, yale ya mwaka jana yananitosha. Nataka tu niteremke hapa niende nikae. Mama Wambui yuko pale benchi ya tatu karibu na dirisha, na nafasi ya kando yake ameiwekea mkoba tangu ibada ianze, mtu asikae.

Naona ameutoa.