Historia ya Mayu Evalina Magese, Aliyeishi Ndani ya Ua

Ndugu waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe. Mayu Evalina, mama yetu, alizaliwa Mwanhuzi tarehe 12 Machi 1955, mtoto wa pili wa mzee Magese Ndaki, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, mwaka 1971.

Tarehe 3 Juni 1972 baba yake alipokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa kijana Jilala wa Maswa, naye Evalina, ambaye hakutaka hata kulisikia jina hilo, alitorokea Bariadi, kwenye chuo cha wanawake cha Kilutheri kilichoanzishwa na Wanorwe, ambako Sista Solveig alimpokea na kumwonya asivuke lango, maana binti ambaye ng'ombe wake wamo zizini kwa baba angeweza kukamatwa njiani na kupelekwa kwa mume.

Januari 1975 aliajiriwa hapo kuwa mwalimu wa ufumaji, akawafundisha wasichana kufuma sweta za sufu za Kinorwe, katika joto hili letu mnalolijua, nao walizivaa siku ya mahafali wakitiririka jasho na kucheka. Wanorwe walirudi kwao mwaka 1988, yeye akabaki, na siku za mnada aliishia langoni, akiwaagiza wenzake chumvi na kanga, huku roho inamwuma.

Hakuolewa, na hapa tuseme ukweli: ng'ombe wale walirudishwa mwaka 1973, lakini kwetu habari za ng'ombe huishia zizini, kati ya wanaume, na hakuna aliyemwambia. Kaka yake Luhaga alimletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kila Krismasi, akidhani dada amekipenda chuo, na dada hakuuliza, akiogopa kuamsha yaliyolala. Alijua Januari 2011, Jilala mwenyewe, sasa mzee wa fimbo, alipokuja kumwandikisha mjukuu wake Milembe, akamsalimu kwa heshima, akashangaa kumwona anarudi nyuma, akamwambia mambo yale yaliisha zamani.

Lango likawa wazi, miguu ikakataa, alifika hapo kila jioni na kurudi ndani. Hakujaliwa mtoto, ila Milembe alimwita mama, na ndiye aliyemuuguza shinikizo la damu tangu mwaka 2019. Tarehe 8 Februari mwaka huu alizidiwa, akapelekwa hospitali, na walipopita Somanda alimwomba dereva apunguze mwendo ili yeye atazame maduka. Alifariki tarehe 11 alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, walimu wenzake, na wewe Milembe.

Kaburi limechimbwa nje ya ua, ng'ambo ya barabara, mahali alipopachagua mwenyewe akiwa amesimama langoni. Pumzika kwa amani, Mayu, umeshatoka.