Onyo Aliloliruka Mzee wa Matundu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1986 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na muuza mitumba. Mama yake anasema tangu akiwa mdogo hakulala mpaka ajaribu makomeo ya milango yote. Dada yake mkubwa akimtania, "We mlinzi, mshahara anakulipa nani?" naye akijibu, "Siku mkiibiwa mtanikumbuka."

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2010 akahitimu chuo katika masomo ya kompyuta. Hayati baba yake, aliyetegemea mwanawe atarudi kumtengenezea redio, alicheka mpaka machozi alipoambiwa kuwa kazi yenyewe ni kusoma tu maandishi ya kompyuta.

Mwaka 2011 aliajiriwa na kampuni ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, iliyotengeneza programu za zahanati. Yeye aliendesha zana inayosoma maandishi ya programu kabla programu haijaanza kutumika, ikitafuta matundu ya kupenyea mwizi. Wenzake wakambandika jina la Mzee wa Matundu. Mkewe, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, alipomuuliza ndiyo nini hiyo, alishika gauni lililotoka kwa jirani yao, fundi cherehani, akaligeuza ndani nje. "Unakagua mshono kabla mtu hajalivaa. Likichanika sokoni umeshachelewa."

Zana ile ilikuwa na kelele, ilitoa onyo hata pasipo na kitu. Kwa hiyo aliyeona onyo si la kweli aliandika alama juu ya mstari ule, na zana ikauruka. Vijana wa ofisini walizimwaga alama hizo ovyo, naye hakuwavumilia: "Umeangalia, au umechoka tu?"

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 2014. Tarehe 22 Agosti 2016 uchungu wa mtoto wa kwanza ulimshika mkewe, siku ileile programu ya zahanati ya mtaani ilipokuwa inakabidhiwa. Onyo moja lilikuwa limebaki: kisanduku cha kutafutia faili la mgonjwa kilipokea chochote alichokiandika mtu, bila kuchuja. Simu ikaita. "Mume wangu, njoo, hali mbaya!" Akaandika alama juu ya mstari, pembeni akaongeza neno "nitarudi", akashuka ngazi mbio. Jioni alimpakata binti yake, na furaha ikamsahaulisha. Hakurudi.

Mwaka 2019 wezi walipita hapohapo. Magonjwa ya watu wa mtaa yakasomwa kwenye simu kama magazeti. Ugonjwa wa fundi cherehani ukajulikana, wateja wake wakaanza kupeleka vitambaa kwingine. Bosi akasema, "Tuseme zana haikuona." Marehemu akamjibu, "Iliona. Mimi ndiye niliyeinyamazisha." Aliacha kazi, akaanza kufundisha watoto kompyuta barazani. Mara nyingi alikwenda kumwomba jirani yake msamaha, akafika mlangoni, akageuka bila kubisha.

Mwaka 2022 miguu ilianza kuvimba. Mkewe akamsihi aende zahanati. "Nitakaaje kwenye benchi lile na watu wale?" Akawa anameza vidonge vya dukani na kuvaa soksi ndefu ili uvimbe usionekane. Alipokubali kupelekwa hospitali, figo zilikuwa zimeshachoka.

Fundi cherehani alikuja wodini. "Jirani, miaka yote unapita dirishani kwangu ukitazama chini kama umeangusha sindano. Nilikuwa nangoja ubishe."

Marehemu aligeukia ukuta. "Nilikuonea aibu, dada. Onyo lile nililiruka mimi. Nisamehe."

"Siri yangu uliitoa nje wewe. Ya kwako usife nayo ndani."

Baada ya hapo alimwomba mkewe habari hii isomwe siku ya mazishi yake, mbele ya wale iliowaumiza. Baba mdogo alishauri iondolewe, watu wasiondoke na maneno. Mkewe akamwambia, "Baba mdogo, hii tusiiruke." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2024.

Ameacha mama yake mzazi, mjane, binti na mtoto wa kiume ambaye bado ananyonya, dada na kaka. Familia inawaomba radhi, kwa niaba yake, wote waliosomwa magonjwa yao. Tunajua wengine mmekuja na bado mna uchungu. Asanteni hata hivyo. Shati alilovaa leo limeshonwa na jirani yake, naye kabla hajalileta aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono.

Alale kwa amani. Makomeo tutayaangalia sisi.