Kaboni Nne, Haidrojeni Kumi

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu mliofundisha na marehemu, wanafunzi wake wa zamani na wa juzi, mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu nina sauti ya kufika nyuma na kwa sababu wadogo zangu watatu wamesema hawawezi, nami naomba mniwie radhi mapema, maana historia hii haitakwenda kama mlivyozoea. Baba mdogo, ambaye amekaa hapa mbele na ananitazama, ameniagiza nisome maisha ya mtu mmoja, kuzaliwa mpaka kufa, tukamzike kabla jua halijawa kali. Mama ameniomba nisome maisha ya watu wawili, kwa sababu, anasema, mmoja yumo ndani ya jeneza hili na atazikwa kwa heshima zote, lakini wa pili hakuna atakayemlilia tusipomtaja leo. Nimetafuta njia ya kuwaridhisha wote na sikuiona, kwa hiyo nitasoma kama mama alivyoomba, na ya baba mdogo tutayazungumza baadaye nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli na mshona nguo, na shangazi anasimulia kwamba tangu akiwa mdogo alikuwa mtu wa kupanga, akizipanga gololi za magurudumu kwa ukubwa wake kwenye kizingiti, na ole wake mtoto mwenzake aliyepita akazitawanya. Alianza shule ya msingi Januari 1957, akaingia sekondari Januari 1965, na huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza kwamba kaboni ina mikono minne na haikubali hata mmoja ubaki mtupu, ama ishikane na kaboni mwenzake, ama ishike haidrojeni, neno ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilimkosesha hamu ya kula siku nzima kwa furaha. Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1971.

Tarehe 10 Januari 1972 aliajiriwa katika shule ile ile ambayo angeistaafia, akakabidhiwa maabara yenye meza sita, dirisha moja lisilofunga vizuri, na stoo ya vifaa iliyo chini kidogo ya sakafu, unashuka ngazi mbili kuingia. Hapakuwa na vielelezo vya kufundishia, hivyo alichonga mwenyewe vipira vya mbao, vyeusi kwa kaboni na vyeupe kwa haidrojeni, akaviunganisha kwa vipande vya spoki alizoletewa na babu. Wengi mlioko hapa mmefundishwa kwa vipira vile, mnakumbuka alivyosema kwamba majina manne ya kwanza, methani, ethani, propani na butani, hayana sababu utakayoitafuta ukaiona, uyashike tu kama ulivyoyashika majina ya shangazi zako, ila kuanzia tano ni kuhesabu, pentani, heksani, heptani, oktani, na asiyejua kuhesabu akalime. Mnakumbuka pia kanuni yake, tafuta mnyororo mrefu kuliko yote, huo ndio ukoo, anza kuhesabu kutoka mwisho ulio karibu na tawi, kisha taja tawi na namba ya mahali lilipoota, na aliyeanzia mwisho usio wake alipiga magoti ukutani mpaka kengele. Mlimwita Kaboni, mkidhani hajui, naye alijua, na alilipenda jina hilo.

Tarehe 13 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, wakati huo mpiga chapa wa ofisi ya elimu, na siku hiyo mpiga picha alipowataka washikane mikono yote miwili, marehemu alikataa mbele ya wageni, akaeleza kwamba kaboni mbili zikishikana kwa mikono miwili huitwa etheni, watu hudhani zimefungwa sana, kumbe mkono mmoja kati ya ile huachia upesi kumpokea mgeni apitaye, bora mkono mmoja unaodumu. Wageni walicheka, mama hakucheka. Walijaliwa watoto wanne, miaka ya 1977, 1979, 1983 na 1986, na alipoulizwa mbona ameishia hapo alijibu kwamba mikono imejaa.

Nitasema ukweli kuhusu nyumba ile, kwani maiti hasemwi vibaya lakini pia hasingiziwi mazuri. Alitupenda, ila alitupenda kama mtu anayesahihisha mtihani, na viatu vyake viliposikika barazani kila mmoja wetu alitafuta kitu cha kushika mkononi aonekane ana kazi. Hakumpiga mama hata siku moja, lakini chumvi ikipungua mezani tulikula kimya, mama akiangalia sahani yake.

Jumanne ya tarehe 6 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, marehemu alishuka stoo kuandaa somo, akainama kwenye kabati la chini, na mpira wa mtungi wa gesi ulikuwa umepasuka. Gesi ile ni propani na butani, zile zile za ubaoni, nazo ni nzito kuliko hewa, hujaa chini kama maji yanavyojaa kisimani, wala zenyewe hazina harufu, harufu ile mbaya huongezwa kiwandani ili watu washtuke, na yeye wiki hiyo alikuwa na mafua makali, hakunusa kitu. Mhudumu wa maabara, dada huyu aliyekaa kule pembeni, alimkuta amelala kifudifudi, na kwa kuwa alifundishwa naye, hakugusa swichi ya taa, alifungua mlango, akabana pumzi yake mwenyewe, akamvuta kwa miguu mpaka uwanjani, akamkandamiza kifua mpaka akapumua. Alipofumbua macho alimwamkia dada huyu, kwa upole ambao dada anasema haukuwa wa kazini pale, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe, akamwuliza viatu alivyovishwa ni vya nani.

Aliruhusiwa kutoka hospitali tarehe 20 Oktoba. Alikuwa mzima, kovu la gotini lilikuwepo, jino la pembeni lililovunjika lilikuwepo, sauti ile ile, mwandiko ule ule, na daktari alisema ubongo ulikosa hewa kwa muda, tuwe na subira. Alifika mlangoni kwake akasimama, akabisha hodi. Mama alicheka, akadhani ni utani wa kurudi salama, lakini marehemu aliendelea kusimama mpaka alipoambiwa karibu ndipo akavua viatu akaingia, na tangu siku hiyo hakuwahi kuingia katika nyumba aliyoijenga mwenyewe bila kubisha hodi na kungoja. Usiku alilala ukingoni mwa kitanda baada ya kuomba ruhusa. Chakula kikiiva alituita kwa kuanzia kitinda mimba kupanda juu, wakati miaka yote tuliitwa kwa kuanzia kwangu. Koti lake la bluu la Jumapili hakulivaa tena, alilitoa nje kila wiki, akalipiga brashi, akalirudisha msumarini, na mama alipomhimiza alivae alijibu bila wasiwasi wowote, "La mwenyewe hilo, akirudi ataliulizia."

Wiki ya pili mama aliniita jikoni, akafunga mlango. Aliniambia, "Mwanangu, viungo vyote vipo, nimevihesabu. Ila huyu si yeye. Na sijui nimwogope au nishukuru." Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alirudi darasani Januari 1999, na mwalimu mwenzake aliyekuwepo siku hiyo ndiye aliyenisimulia somo lake la kwanza. Aliweka mezani vielelezo viwili, akawaambia wanafunzi wahesabu, wakahesabu, kila kimoja kaboni nne na haidrojeni kumi, uzito mmoja, hakuna kilichozidi wala kupungua. Akauliza kama ni kitu kimoja, darasa likajibu ndiyo kwa pamoja. Akawaonyesha kwamba cha kwanza kaboni zake zimefuatana mstari mmoja, hiyo ni butani, na cha pili tatu zimefuatana na ya nne imening'inia katikati, hicho si butani tena, kinachemka kwa joto lake chenyewe, ukoo wake ni propani na jina lake ni mbili-methilipropani. Kisha akaegemea meza, akasema taratibu kwamba wasije wakakiita butani iliyoharibika, hakikuharibika, kimepangwa hivyo, nacho kinastahili jina. Fimbo aliikabidhi kwa mkuu wa shule mchana ule ule na hakuichukua tena mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Mama alimwogopa mwaka mzima, halafu akampenda, na kumpenda kukamtia hofu kubwa zaidi, kwa kuwa kila alipoliona koti msumarini alikumbuka kwamba lina mwenyewe. Nasi tulimpenda, sioni haya kusema. Alijifunza kupika na kuunguza, alimngoja mdogo wetu nje ya chumba cha mtihani tangu asubuhi akiwa na chupa ya maji, na siku ya harusi yangu alilia mbele za watu mpaka baba mdogo akamkanyaga mguu.

Ugonjwa wa figo ulianza Februari 2018, akawa wa kwenda hospitali na kurudi, na Mei mwaka huu wa 2019 madaktari walimruhusu akae nyumbani. Alhamisi tarehe 16, alasiri, watoto wote wanne tukiwa chumbani, alifumbua macho akatuita kwa majina kwa kuanzia kwangu, kwa sauti ya zamani, na nilijikuta nimesimama wima, mikono nyuma, mimi mwenye watoto watatu. Aliuliza ni nani amebadilisha mapazia bila kumwuliza. Alimtazama kitinda mimba, akataka kujua ndevu zile ni za nini. Aliuliza kama mtungi wa maabara umefungwa. Halafu akadai koti lake, mama akalitoa msumarini likiwa halina hata vumbi, akamvisha, likampwaya. Mama alipiga magoti pale kitandani, akamwuliza kwa sauti ndogo sana, "Na yule mwenzio, je?" Marehemu alimtazama kama anayetazama mwanafunzi asiyesikiliza. Alisema, "Mwenzangu yupi? Si nilikuwa stoo sasa hivi tu."

Mama alitoka akaenda uani kulia. Majirani walioisikia sauti ya mgonjwa walikuja kutupongeza, wakidhani amepata nafuu.

Alifariki Ijumaa tarehe 17 Mei 2019, saa mbili asubuhi, akiwa na koti lile, na ndilo atakalozikwa nalo, maana yake mnayemwona hapa ni yule aliyezaliwa nyuma ya karakana mwaka 1949, aliyekataa kushikana mikono miwili, ambaye kwa hesabu yake aliinama stoo akainuka kitandani, nyumba imejaa watu wazima. Namlilia, hakuna mtu anayepaswa kunyang'anywa miaka ishirini hivyo. Lakini yule aliyekaa ndani ya miaka hiyo hatukumwona akitoka. Hana cheti, hana tarehe, hakuaga, na kama baba mdogo anavyosema, kwa serikali na kwa ukoo hakuwahi kuwepo. Mama anasema aliishi naye vizuri kuliko alivyojua kuishi na mtu yeyote, ni mjane wake pia, na hatakubali kuambiwa kwamba alikuwa ugonjwa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliotuvumilia kwa maswali mengi, majirani mliopika na kufagia uwanja tangu Ijumaa bila kutumwa, walimu na mkuu wa shule mliofunga darasa ili mje, na dada mhudumu wa maabara, ambaye alituletea mmoja na hakuwa na kosa lolote kwa mwingine.

Sisi watoto tulikuwa na desturi moja ambayo wageni waliishangaa, yule wa kwanza alitaka tumwite Mwalimu hata mezani, tukamwita hivyo mpaka Oktoba ile, na wa pili, jioni ya kwanza tu, kitinda mimba alimwita Baba, akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa, kisha akaitika. Hilo ndilo jina tulilompa, nalo nalitaja hapa lisikike.

Mwalimu, lala salama, mtungi umefungwa. Baba, popote ulipokwenda na miguu yako mitupu, kaburi ni moja, chukua nusu yake upumzike.