Risala ya Wakufunzi Kumi na Saba Kuhusu Mwenzao wa Kumi na Nane

Imesomwa siku ya mahafali, Kituo cha Wakufunzi wa Malezi Tulelane, Kisesa, Mwanza

Mgeni rasmi, Mkuu wa Kituo chetu Mwalimu Yeremia, waratibu wa mradi, wazazi, majirani wa Kisesa na Bujora, na ninyi akina mama wa Igoma mlioacha vituo vyenu ili muwe hapa leo: tunawasalimu wote kwa heshima. Tunaomba mtuvumilie, maana risala hii ina uchungu ndani yake.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu Kisesa. Tumefurahi umekuja, na hilo tunalisema kwa moyo mweupe. Kitambaa kilichofunika meza yako tumekiazima kanisani, na maua yametoka kwa mama jirani ambaye hapendi maua yake yachumwe. Kwako amekubali.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo ni vizuri ulijue. Hapo mezani umewekewa nakala ya risala, na kama unaifuata kwa macho umeshaona kwamba hatusomi hiyo. Usihangaike kugeuza kurasa. Wiki mbili zilizopita tuliipeleka risala yetu ofisi ya uratibu ihakikiwe, kama ilivyo desturi, ikarudi imenyolewa. Sehemu ya changamoto ilikwenda ikiwa na kurasa mbili, ikarudi na mistari mitatu inayolalamikia uhaba wa viti. Viti vinatosha, mgeni rasmi, hata vingine vimebaki stoo. Tunayosoma ni ile ya kwanza, tukiwa tumeiongezea yaliyotokea tangu hapo, na tumeitia sahihi sote kumi na saba ili asitafutwe mmoja wa kuulizwa. Msomaji wetu, Precious Masalu, tumemchagua kwa sababu ana sauti kubwa tu.

HISTORIA YETU, PAMOJA NA KOSA LETU

Sisi tulikuwa walimu wa shule za msingi na madarasa ya awali. Mwaka jana tuliteuliwa kuandaliwa kuwa wakufunzi, yaani watu wa kuwafundisha walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana. Vituo vyenyewe mnavijua. Ni vyumba viwili nyuma ya gereji kule Igoma, au banda la mabati Mirongo, ambako mama anamwacha mtoto wake asubuhi ili aende sokoni au kiwandani kukata minofu ya samaki. Walezi wake ni wanawake wazima, wengi wana wajukuu, na karibu wote walianza kazi hiyo kabla sisi hatujajua kusoma.

Tulipewa semina ya wiki mbili na kabrasha moja nene, tukapelekwa Igoma kujifunza kazi kwa vitendo. Kabrasha lilieleza vizuri sana jinsi mtoto wa miaka mitatu anavyojifunza. Halikuwa na hata ukurasa mmoja wa kueleza jinsi mama wa miaka hamsini anavyojifunza, na sisi hatukuuliza. Kosa letu lilianzia hapo, na tunalikiri mbele yenu kabla ya kumnyooshea mtu mwingine kidole.

Siku ya kwanza walikuja akina mama ishirini na sita. Tuliwakalisha kwenye viti vya watoto, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo, magoti yakafika kifuani. Kisha mkufunzi wa zamu akaingia, akasimama mbele, akanyamaza akingoja. Wote tuliosoma shule za nchi hii tunajua alikuwa anangoja nini. Wakasimama. Wanawake wenye wajukuu wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu," na kijana wa miaka ishirini na saba akaitikia, "Marahaba, kaeni." Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo. Tulikuwa tumeamkiwa hivyo na madarasa kwa miaka, na mazoea yana tabu.

Siku ya pili zamu ilikuwa ya mwenzetu Ngosha. Aliingia, akangoja, darasa likasimama, akaitikia marahaba yake safi, na alipoinua macho akamwona mama mkwe wake mstari wa pili, ndiyo kwanza anakaa. Wenye wakwe hapa hatuna haja ya kuwaeleza zaidi. Amekwisha kupeleka vitenge doti mbili na ujumbe wa wazee, na mpaka leo salamu zake zinajibiwa kupitia kwa mtoto.

Siku ya tatu Luhende, ambaye hana mtoto na hajawahi kuogesha wa mtu, alimfundisha mama wa watoto wanane namna ya kumbeba mtoto mchanga. Alitumia mwanasesere, na muda wote aliokuwa akieleza alimshika mguu mmoja. Yule mama hakucheka. Alimtazama tu, akachukua mkoba wake.

Kutoka ishirini na sita wakawa kumi na tisa, wakawa kumi na mmoja, na Ijumaa walikuwa wanne. Jioni hiyo tuliandika taarifa, na tuliandika hivi: "Washiriki hawana mwamko." Mgeni rasmi, tunaona aibu kuisoma sentensi hiyo. Iliandikwa na sisi wenyewe, ofisi ya uratibu ikaipokea kwa furaha, ikaipeleka mbele ilivyo.

Jumatatu iliyofuata mwanamke mmoja alikuja hapa Kisesa, peke yake, kutoka Igoma. Ni Mama Agutu Otuoma, mzaliwa wa upande wa Mara, mjane, ana miaka sitini na mmoja, na amelea watoto wa wenzake kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mmoja wa wale ishirini na sita. Tulifikiri amekuja kulalamika, tukajipanga kujitetea. Alikaa, akatuuliza habari za nyumbani mmoja mmoja, ndipo akasema maneno ambayo sote tuliyaandika baadaye, kila mtu kwenye daftari lake:

"Wanangu, sikuja kugombana. Mnatufundisha tumwinamie mtoto, tumtazame machoni, tumwite jina lake. Ni vizuri. Sasa mbona sisi hamjatuuliza hata majina? Tulikuja kwenu watu wazima, mkatugeuza darasa la pili. Mtu ukishamshusha hivyo, atafundishika vipi?"

Mwalimu Yeremia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwomba hapo hapo ajiunge nasi katika maandalizi, awe mkufunzi wa kumi na nane. Mama alieleza wazi kwamba aliishia darasa la saba. Mwalimu akaandika barua ya kumpokea na nakala akaipeleka ofisi ya uratibu, ambako ilikaa miezi kumi na moja bila mtu kusema neno.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni yake, kwa hiyo hatutayazungusha. Mama Agutu alitufundisha kufika darasani kabla ya wanafunzi. Alitufundisha kumpokea kila mmoja mlangoni kwa salamu anayostahili, shikamoo kwa aliyetuzidi, na kumwita kwa jina analolitaka yeye. Viti vya watoto vilirudishwa kwa watoto, tukaazima mabenchi. Na kabla ya kumweleza mlezi chochote, tunamuuliza kwanza: mtoto akikulilia hivi, wewe huwa unafanyaje? Tumesikia majibu ambayo hayamo katika kabrasha lolote.

Akina mama walirudi. Alikwenda kwao nyumba kwa nyumba, na sisi nyuma yake, kuomba radhi. Leo darasa la Igoma, analoliongoza yeye, lina walezi thelathini na mmoja na limebakiza miezi minne kumaliza. Mtu akikwambia hawa hawana mwamko, mwambie aje asubuhi aone wanavyogombea mabenchi ya mbele.

Na asije mtu akasema Mama alibebwa. Alifanya mtihani ule ule wa kuandika, kwa miwani yenye mguu mmoja, akapata sitini na moja. Wapo miongoni mwetu wenye vidato vyao waliopata hamsini na nane, na wametuomba tusiwataje.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo wembe ulipopita.

Wiki tatu zilizopita ililetwa barua kutoka ofisi ya uratibu. Inasema kwamba mkufunzi lazima awe na cheti cha kidato cha nne, kwamba Agutu Otuoma hana, na kwamba jina lake limeondolewa katika orodha ya wahitimu. Inasema pia kwamba kuanzia Januari asiye na cheti cha ukufunzi haruhusiwi kusimama mbele ya darasa. Barua ina mistari sita. Haikumshukuru hata kwa mstari wa saba.

Tumekasirika. Tunalisema hilo hadharani, kwa sababu kwenye nakala uliyopewa limeandikwa kuwa tumefarijika.

Sharti kama lilikuwepo, lilikuwa wapi miezi kumi na moja? Lilikuwa wapi alipokuwa akituonyesha kazi? Ofisi hiyo hiyo imechapisha mwongozo wa wakufunzi, wenye jalada la bluu, na nakala moja ipo mezani kwako. Fungua sura ya tatu, inayohusu kumpokea mwanafunzi mtu mzima. Utakuta salamu za mlangoni, utakuta mabenchi, utakuta lile swali la wewe huwa unafanyaje. Maneno ni ya Mama Agutu. Sisi tulikuwepo akiyasema, na ofisa aliyeyaandika alikuwa ameketi kando yake akinywa chai yake. Ukurasa wa pili umeshukuru watu kumi na tisa kwa majina. Yeye hayumo. Maarifa yake yamefaulu kuingia kitabuni bila kidato cha nne, ila mwenyewe ndiye amekwama mlangoni.

Bado hatujamaliza. Tazama ratiba ya leo. Jina la Mama Agutu limo mara moja, chini kabisa, kwenye burudani. Juzi mratibu alimwita pembeni tukiwa tunapanga mahema. Alimwambia, "Mama, utaratibu ndio huo, lakini usijali, utatuongozea ngoma, una sauti nzuri." Mama akamjibu, "Sawa, mwanangu." Akaenda kupiga pasi kitenge cha kuchezea.

Ile "sawa" ndiyo iliyotuchoma. Angefoka, tungepata pa kuweka hasira zetu. Ametumikia watu miaka ishirini na miwili, ametutoa sisi ujinga, na shukrani yake ni kuambiwa acheze. Asante ya punda mateke, walisema wazee, lakini punda hana ofisi wala mhuri. Wapo waliotushauri tufunike kombe mwanaharamu apite, tuchukue vyeti vyetu, mengine tuyaseme baadaye. Baadaye ni Januari. Januari darasa la Igoma litapewa mkufunzi mwingine, pengine mgeni kabisa, mwenye vidato vyote na marahaba mdomoni. Wale akina mama wametuambia wazi, bila kutukana, kwamba hawatarudi kwenye vile viti vidogo. Watoto wanaowalea wataendelea kulelewa kwa kubahatisha, na mtu ataandika tena kwamba hakuna mwamko.

OMBI LETU

Risala nyingi huomba kumi ili zipate mbili. Sisi tunaomba moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mama Agutu apewe cheti chake, leo, pamoja nasi.

Tunajua una mamlaka hayo. Kifungu cha mwisho cha utaratibu wa mradi, ambacho barua ile haikukitaja, kinamruhusu mgeni rasmi kumtunuku mtu kwa uzoefu na mtihani aliofaulu. Mwalimu Yeremia amekiandaa cheti na kimo kwenye bahasha ya kaki chini ya maua. Kinakosa sahihi yako tu.

Mezani kuna vyeti vingine kumi na saba, vimefungwa utepe. Tumevihangaikia na tunavitaka, wengine wetu tumeshawaahidi wazazi kuvitundika ukutani. Lakini tumekubaliana hivi: yakisomwa majina kumi na saba, hakuna atakayesimama. Siyo jeuri, mgeni rasmi. Hatuwezi kupokea karatasi inayosema tumehitimu huku aliyetufundisha amekaa nyuma akingoja kuitwa akafunge njuga. Yeye mwenyewe hajui tulichoandika. Angejua, angetukataza.

Tumalizie na jambo dogo. Risala hii tuliiandika kabla hujafika, lakini ratiba tulikuwa nayo, kwa hiyo tunajua kilichotokea saa nne. Uliingia na msafara wako, sisi tukasimama, tukakuamkia kwa pamoja kama tulivyoagizwa. Mama Agutu naye alisimama, pamoja na goti lake bovu, akasema shikamoo, na wewe ukaitikia. Hatukulaumu. Na sisi tulifanya hivyo hivyo, bila kujua, na yeye ndiye aliyetueleza.

Sasa nawe umeelezwa. Amekuzidi miaka tisa. Amekaa mstari wa nyuma, upande wa kushoto, mwenye kitenge cha njano. Tunakaa chini na kunyamaza, ili upate nafasi ya kumwamkia.

Mungu akupe maisha marefu, akulinde njiani ukirudi kwa wanao, na awabariki walezi wote wa watoto wa ukanda huu wa ziwa.

Ni sisi,
Wakufunzi kumi na nane wa Tulelane, Kisesa.