Matundu Matatu Begani

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Murunga, fundi viatu, nyuma ya soko la Eldoret. Asubuhi hiyo nilishika kahawa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haupandi tena. Bega hilo liliharibika polepole, miaka miwili nikimgeuza mke wangu Bridgit kitandani alipougua. Tulimzika Machi. Sasa hospitali ingepiga simu saa nne kutaka jibu: nafasi ya upasuaji ya Alhamisi naichukua, au apewe mwingine.

Murunga: — Mwalimu, kubali. Wanatoboa matundu matatu tu. Hii sandali nimeitoboa ishirini na bado inaenda kanisani.

Kimutai: — Kwa nini matatu? Moja halitoshi?

Murunga: — Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kimutai, tunayemwita Raundi ya Mwisho, alikuwa mkimbiaji. Hakuna aliyewahi kumwona akimaliza mbio.

Kimutai: — Na ile kamera wanayoingiza kuchungulia inabaki ndani?

Murunga: — Inatoka, bana.

Kimutai: — Uliiona ikitoka? Kuna jamaa wa Chepsaita alitobolewa goti. Mpaka leo akipita chini ya transfoma, goti linatetema.

Murunga: — Hiyo ni baridi.

Kimutai: — Ni kamera. Inatafuta network.

Murunga: — Mwalimu, usimsikize. Alhamisi unatobolewa, Jumatatu unavuna mahindi. Kidonda kidogo, kazi kidogo.

Msichana aliyekuja kuchukua sandali yake alikuwa amesimama akisikiliza. Alivaa sare ya kliniki. Jina kifuani lilikuwa Jerop.

Jerop: — Samahani, Mzee. Mimi hufanyisha wagonjwa mazoezi baada ya hiyo operesheni. Matundu ni madogo, lakini ndani wanashona msuli kwenye mfupa. Mkono unafungwa wiki sita.

Kimutai: — Si ata mimi nilisema.

Jerop: — Hukusema. Mzee, hizo wiki usiuinue mkono mwenyewe, msuli utakatika tena. Mtu anakuinulia, asubuhi na jioni, na anakuvalisha shati. Nyumbani uko na nani?

Murunga alivuta uzi ambao ulikuwa umeshavutwa. Kimutai alitazama ndani ya kikombe chake, kilikuwa kitupu.

Jerop alingoja. Hakuuliza kwa ubaya.

Simu ilikuwa katika mfuko wa kulia. Niliitoa kwa mkono wa kushoto, nikaiweka benchini katikati yetu. Saa nne hospitali ilipopiga, sote tuliitazama mpaka ikanyamaza.